Batuli Anang'oa Alichopachika

Skrubu imegoma. Batuli Majidi anaikandamiza kwa bisibisi, anazungusha, inateleza. Anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya mtandio, anairudisha machoni na kuinama tena juu ya boksi jeusi lililolala kifudifudi mezani.

"Nilikukaza mwenyewe," anaiambia mashine. "Sasa unanikazia mimi."

Ni saa nne asubuhi, Alhamisi, ndani ya fremu yake ndogo kando ya barabara iendayo stesheni ya Tabora. Mabati yameanza kulialia kwa joto. Nyuma yake kuna viroba vya mpunga vilivyojaa mashine za gemu, kila moja imeviringishwa kitenge kikuukuu kama kichanga kinachotoka kliniki.

Mara skrubu inaachia. Mfuniko unafunguka, vumbi la Bukene linamwagika mezani, na ndani inaonekana kazi yake ya mwaka juzi: chipu ndogo kama punje ya mchele, imeunganishwa kwa nyaya nyembamba kama nywele. Nyaya zimelala sambamba kama matuta ya viazi. Kazi safi. Anaitazama kidogo, halafu anachukua pasi ya kuchomelea na kuanza kuing'oa.

Hiyo ndiyo kazi ya fundi huyu wa miaka arobaini na saba wiki hii nzima. Mashine kumi na moja, ambazo alizifungua kwa nyakati tofauti ili zicheze gemu yoyote bila kuuliza imetoka wapi, anatakiwa kuzirudisha kama zilivyotoka kiwandani. Mwisho ni kesho Ijumaa, kabla ya sala. Zikipita ukaguzi, wenyewe watarudishiwa. Zisipopita, zitateketezwa, na yeye atasimama mahakamani.

"Nilipokuwa naziweka hizi chipu nilikuwa naimba," anasema. "Kuzitoa, hata redio sitaki kuisikia."

Batuli ni wa Tabora mjini kwa baba na kwa babu. Baba yake, marehemu Majidi, alikuwa fundi saa pale Gongoni, na kila saa iliyopita mikononi mwake aliikwaruza alama ndogo upande wa ndani wa mfuniko. Mwenye saa haioni. Ikirudi baada ya miaka, mzee anafungua, anatafuta mkwaruzo wake, anajua kama kosa ni lake au kuna mwingine ameingiza mkono.

Simu zilipokuja, watu wakaacha kuvaa saa. Batuli akarithi meza, bisibisi ndogo ndogo na kile kioo cha kubana jichoni. Akaanza na redio, akahamia kwenye rimoti. Mashine za gemu zilipoanza kuletwa na mitumba ya vyombo, akanunua moja iliyokufa, akaitandaza sakafuni nyumbani kwake, Isevya, akakaa nayo miezi. Mumewe akiuliza chakula, anajibiwa habari za feni. Mume alishakwenda zake. Mashine ile bado ipo, chini ya meza, na inafanya kazi.

"Watu wanasema tuliachana kwa sababu ya gemu," anasema bila kuinua macho. "Waongo. Tuliachana kwa sababu ya mama yake. Gemu ilisaidia tu."

Mkwaruzo wa baba yake haukufaa kwenye plastiki. Batuli akaangaza macho, akaona rangi ya kucha. Fremu ya jirani ni duka la vipodozi la Shamimu, rafiki yake tangu madrasa, na rangi haiishi humo. Tone moja jekundu juu ya skrubu ya pembeni, chini ya mashine. Likiwa zima, maana yake hakuna aliyeifungua baada ya Batuli, kwa hiyo mashine ikizingua anaitengeneza bure. Likiwa limepasuka, mwenye mashine amepita kwa fundi mwingine, akamalizane naye hukohuko.

Alama ikasafiri kuliko mwenyewe. Mashine zikawa zinaletwa kwa treni, kutoka Usoke kwenye reli ya Kigoma na kutoka Bukene kwenye reli ya Mwanza, mkononi mwa mtu yeyote anayekuja mjini kwenye matibabu au msibani. Zamani wapagazi walipita mji huu na meno ya tembo mabegani. Wapagazi wa Batuli wanashuka na kiroba cha gemu, wanaulizia fundi mwanamke yuko wapi.

Kwenye gulio la Lusu, wilayani Nzega, mtu anayenunua mashine iliyotumika haulizi imetengenezwa na kampuni gani. Anaigeuza chini. Akiona jekundu, analipa.

Shamimu, ambaye ameingia kuomba chenji na sasa hana dalili ya kutoka, ana ushahidi wake. "Nilianza kuuza rangi ya kucha kwa wanaume," anasema. "Mwanaume mzima na ndevu zake anainama pale kwenye kaunta, ananinong'oneza, nipe ile nyekundu ya Batuli. Nikajua ya mkewe. Kumbe anakwenda kughushi."

"Na hukuniambia," anasema Batuli.

"Ningekwambia, nimuuzie nani?"

Kazi yenyewe haikuwa ya siri. Mashine hizi nyeusi kiwandani zilishaacha kutengenezwa, na kwa asili yake kila moja inakubali CD halisi tu, za eneo ilikouzwa. CD halisi Tabora ni adimu kuliko mvua ya Agosti. Batuli alikuwa anaweka chipu na programu isiyo ya wenye kiwanda, halafu anajaza gemu kwenye diski ngumu, mashine inasoma humo. Siku nzuri alikuwa anaondoka na elfu thelathini. Siku hizi anatengeneza pedi za kuchezea na chaja, akipata elfu sita anafunga mapema.

Maofisa wa ukaguzi waliozikamata mashine wanatumia neno kuchakachua. Batuli halipendi. "Wanaochakachua ni wale wa mafuta ya taa," anasema. "Mimi niliifungua mashine ya mtu aliyeniomba niifungue."

Wakili wake, Nikolaus, kijana mpole ambaye amekubali kulipwa kwa kutengenezewa kompyuta ya ofisini, anaeleza suala hilo akiwa amesimama mlangoni, maana ndani hakuna pa kukaa. Kwa maelezo yake, mashine ukishainunua ni yako, na kuitengeneza ikiharibika hakuna wa kukuuliza. Kunakili gemu ya mtu ukaifanyia biashara bila ruhusa yake, hilo ni kosa na halina mjadala.

"Tatizo lipo katikati," anasema. "Kuifungua mashine isome kitu chochote, kiwe halali au cha kunakili. Hapo ukiwauliza mawakili watatu utapata majibu manne. Hapo ndipo tunapopatia mkate."

"Na mimi ndipo nilipojenga nyumba," Batuli anadakia.

Hajifanyi kwamba hakujua. Anafananisha na njia ya mkato inayokatisha shamba la mtu. Siku ya kwanza unapita unaangalia nyuma. Mwenye shamba hasemi kitu, wenzako nao wanapita, majani yanakufa, mwisho unaiona ni barabara na unamshangaa anayekuuliza.

Kilichomuuma zaidi hakikutoka kwa wenye kiwanda, ambao hajawahi kuwaona na hategemei. Kilitoka Urambo. Gemu ya mpira iliyopendwa kuliko zote kwenye mashine zake ni ile yenye timu za nyumbani na mtangazaji wa Kiswahili anayechomekea Kinyamwezi goli likiingia. Batuli aliipata kwenye flashi ya mtu, akaijaza kwenye kila diski. Siku moja simu ikaita. Aliyepiga alijitaja kwa jina la Fikiri, akamwamkia vizuri kabisa, halafu akasema, "Mama, ile sauti inayotangaza mpira kwenye mashine zako ni ya kwangu."

Fikiri alikuwa amerekodi maneno yale usiku na mchana, chumbani kwake, godoro limeegemezwa mlangoni kuzuia kelele za kuku. Hakudai chochote. Alitaka tu kujua kama kule Bukene watu wanacheka anapotaka wacheke.

"Wanacheka," Batuli alimjibu. Halafu akakata simu, akakaa. "Ningetukanwa ningejua la kusema," anasema sasa. "Alivyoongea kwa adabu ndiyo nikashindwa kula."

Mambo yaliharibika miezi miwili iliyopita, na yalianzia Bukene, kwa Silasi. Silasi ana kibanda cha gemu karibu na stesheni: televisheni moja, mashine moja, benchi mbili. Kabla ya hapo alikuwa analima mpunga, mgongo ukamgomea. Kibanda hicho ndicho kinachosomesha wanawe, na mashine ile ndiyo kibanda. Wakaguzi walipokuja waliichukua wakamuuliza nani kaichakachua. Silasi akasema aliinunua gulioni hivyohivyo ilivyo.

Wangeishia hapo. Lakini Usoke wakachukua nyingine mbili, Nzega kadhaa, na zote zilipopangwa ofisini, ofisa mmoja mwanamke akaona nukta nyekundu mahali palepale kwenye kila moja. Wenzake walidhani ni alama ya kiwanda. Yeye akaikwangua kwa ukucha, akanusa, akasema hii ni rangi ya kucha, tena ya bei rahisi.

Baada ya hapo upelelezi haukuwa na kazi. Waliingia mtaani Tabora wakiuliza fundi gani anaweka rangi ya kucha kwenye mashine, na kila waliyemuuliza alijibu kwa fahari. Kijana wa bodaboda aliwaleta mpaka mlangoni na kuwasifia njia nzima: ukiona ile nyekundu, mashine imepona.

"Kanifanyia tangazo zuri sana," anasema Batuli. "Nikamshukuru kwanza, sijajua amewaleta akina nani."

Aliitwa ofisini Jumatano ya wiki iliyopita. Nikolaus alikuwa na kesi Igunga, akamwambia kwa simu asiseme neno mpaka afike. Ushauri mzuri. Rangi ya kucha inauzwa kila duka, na walioghushi ile alama ni wengi. Angeikana, hakuna ambaye angeweza kumbana.

Akaingia, akakuta mashine kumi na moja zimepangwa mezani, matumbo juu. Kwenye benchi alikuwa ameketi Silasi, ameitwa tangu asubuhi. Ofisa mwanamke akamuuliza Silasi kama anamfahamu mama aliyeingia. Silasi akamtazama Batuli, ambaye yeye humwita dada, na ambaye nyumbani kwake alikula wali wiki mbili nyuma akaongeza.

"Huyu mama simjui," akasema Silasi.

Alikuwa anamkinga. Batuli alielewa. Lakini anasema mtu yule ni mwongo mbaya sana, alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye masikio, na alivyozidi kukana ndivyo alivyozidi kuonekana kama ndugu. Batuli akazitazama mashine. Akageuza moja, akaangalia tone, akaiweka pembeni. Akageuza nyingine.

"Hii ni yangu," akasema. "Na hii. Zote ni zangu, isipokuwa ile ya mwisho rangi amepaka mtu mwingine, lakini mashine yenyewe naikumbuka, chipu ni yangu, kwa hiyo wekeni humohumo. Na huyu ananifahamu vizuri. Amekula kwangu."

Nikolaus alipopigiwa simu jioni aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Akiulizwa kwa nini hakukana, Batuli anaweka pasi chini kwanza. "Ningeikana, kesho mtu wa Usoke akija na mashine imekufa, ningemwambia nini? Kwamba ile nyekundu sio yangu? Nimewaambia watu miaka yote, ukiiona hiyo, njoo. Sasa wao wamekuja. Ni vile walikuja na karandinga."

Kwa kuwa alisema mwenyewe, na kwa kuwa ni mara ya kwanza, maofisa wakamwekea masharti. Diski zote za gemu za kunakili zinabaki kwao. Mashine azirudishe zilivyokuwa, watazikagua mojamoja. Akifanya hivyo yataishia hapo. Na ofisa mwanamke akaongeza la kwake: wakikuta tena tone lile, wanajua pa kuja.

Hapo Batuli alishukuru, akabeba viroba, akarudi dukani. Alipoing'oa chipu ya kwanza ndipo akakumbuka jambo ambalo hakuna aliyelitaja pale ofisini.

Mashine hizi zinasoma CD kwa lenzi, ambayo mafundi wanaiita jicho. Vumbi la huku linaua macho. Mashine tano kati ya zile, lenzi zilishakufa kitambo, na ndiyo sababu hasa wenyewe walizileta. Lenzi mpya hazipatikani. Chipu na diski ngumu vilikuwa njia ya kuifanya mashine kipofu iendelee kufanya kazi. Ukizing'oa, mashine inakuwa halali kabisa, na haiwezi kucheza chochote.

"Nilitakiwa nizirudishe zilivyokuwa," anasema, "na zilivyokuwa zilikuwa zimekufa. Nimrudishie Silasi maiti iliyooshwa vizuri."

Alirudi ofisini kuuliza. Alimkuta yule ofisa mwanamke anakunywa chai, akamuuliza kama kubadilisha lenzi nako ni kuchakachua. Ofisa akafikiri kidogo, akasema kama lenzi ni ya mashine ya aina hiyohiyo, hapo anatengeneza, na kutengeneza atengeneze tu. Batuli anasema lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyoambiwa mwezi huu, na lilisemwa na mtu mwenye andazi mdomoni.

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Aliulizia mashine mbovu Nzega, akaagiza Mwanza, akapekua mashine zilizokufa kwa mafundi wenzake. Kwa shida akapata lenzi nne zinazoona. Ya tano haikupatikana.

Saa saba mchana Silasi mwenyewe anatokea, ametoka Bukene tangu jana, vumbi mpaka kwenye kope. Anasimama nje kwanza, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shikamoo dada Batuli."

"Marahaba. Leo unanijua?"

Shamimu anacheka mpaka anashika mlango. Silasi anainamisha kichwa, anacheka na yeye, anaingia, anakaa juu ya kiroba. Anaulizwa hali ya nyumbani, anasema nzuri, ila kibandani watu wanakuja, wanakuta televisheni peke yake, wanakaa dakika mbili wanaondoka. Mkewe ameanza kuanikia mchele kwenye benchi. Kisha anaona mashine yake imefunguliwa mezani, tupu, haina chipu, haina diski.

"Itasoma?" anauliza.

"CD unazo?"

Anazo mbili halisi, alizozinunua Mwanza zamani. Moja ya magari, moja ya mpira, ya miaka mingi nyuma. Batuli anamwonya kwamba wateja wake watacheza na wachezaji ambao sasa hivi ni makocha. Silasi anasema bora makocha kuliko mchele.

Batuli anainuka taratibu, mkono kiunoni, anapiga magoti chini ya meza na kuvuta kitu kilichofunikwa taulo. Ni mashine ile ya kwanza, iliyotandazwa sakafuni Isevya enzi za mume. Anaigeuza. Hiyo ndiyo pekee ambayo chini haina rangi. Alikuwa bado hajaianza desturi hiyo.

"Dada, hiyo si ya kwako ya nyumbani?" anasema Silasi.

"Ya kwangu. Na jicho lake bado linaona."

Skrubu za mashine ile hazigomi. Zimezoea mkono wake. Lenzi inatoka, ndogo kama kifungo cha shati. Anaipangusa kwa pamba yenye spiriti, anaisogeza kwenye mwanga, anabana kioo cha baba yake jichoni, anaridhika. Anaipachika kwenye mashine ya Silasi, hana haraka.

Mipango anayo, ingawa anaitaja kama mtu anayehesabu mizigo aliyobakiza kubeba. Anataka awe anapanda treni siku za magulio, na meza ya kukunja, Bukene wiki hii, Usoke wiki ijayo, atengeneze lenzi, feni na pedi papo hapo, mashine zisisafiri tena na wasafiri wa msibani. Fikiri naye alipiga tena simu. Anajifunza kutengeneza gemu yake mwenyewe ya mpira, ya simu na kompyuta, na amesema ikikamilika Batuli awe wa kwanza kuisambaza, kwa ruhusa. Batuli alimwambia asikate yale maneno ya Kinyamwezi.

"Nimechoka," anasema. "Lakini nikikaa nyumbani nitachoka vilevile, tena bila watu."

Anaunganisha waya kwenye televisheni ndogo, anaweka CD ya mpira. Mashine inaguna, inanyamaza. Inaguna tena. Silasi ameshika magoti kwa mikono miwili. Kisha kioo kinawaka, uwanja unatokea, na makocha wanaingia mmoja mmoja, vijana, nywele zao zote kichwani.

Silasi anasema asante kwa sauti ndogo. Anataka kuuliza kuhusu ile mashine iliyobaki mezani bila jicho, anaiangalia, anaacha.

Batuli anafunga mfuniko, anakaza skrubu zote, anaigeuza tumbo juu. Ananyoosha mkono kwa Shamimu bila kugeuka. Shamimu anakwenda dukani kwake, anarudi na kichupa.

"Dada Batuli," anasema Silasi. "Kesho wataiona."

Tone linadondoka juu ya skrubu ya pembeni. Batuli analipuliza polepole, kama mwanamke anayejiandaa kwenda harusini.

"Waione," anasema. "Safari hii wakifungua, watakuta lenzi."